Glasi ya Mguu Mrefu na Kata ya Kifuu

Tumepata swali kutoka kwa mama mmoja wa Kilwa Masoko. Binti yake ameolewa, na siku ya kicheni pati alizawadiwa boksi la glasi sita zenye mguu mrefu na mdomo mpana. Ni zile glasi zinazoonekana kwenye picha za hoteli zikiwa na pombe ya rangi rangi na kipande cha limau pembeni, vinywaji viitwavyo kokteli. Mkwewe aliacha pombe kabla ya kuoa, na aliiacha kwa shida. Shangazi wa binti anasema hivyo ni vyombo vya baa, visiingie katika nyumba ile. Wengine wanasema glasi ni glasi tu, kinacholevya ni kilichomo ndani. Mama huyu anauliza: glasi hizi zilianzia wapi, kwa nini zina umbo lile, na je, binti afanye nini?

Tuanze na umbo, maana ukishajua chombo kilitengenezwa kwa kazi gani unakitazama kwa jicho jingine.

Chukua kata ya maji, ile ya bibi. Ni kifuu cha nazi kilichokwanguliwa hadi kikawa laini, kikatobolewa matundu mawili, na mpini wa mti ukapitishwa humo. Mpini ule una kazi gani? Unazuia vidole visiingie mtungini. Maji yaliyopoa usiku kucha ndani ya mtungi wa udongo ni mali, na mkono wa kila mpitaji ukitumbukia humo yatachafuka. Sasa tazama mguu wa glasi ya kokteli. Nao umewekwa ili mkono ukae mbali na kinywaji. Kiganja cha mtu kina joto linalozidi nyuzi 30, na kinywaji kilichotoka kwenye barafu kiko karibu na sifuri. Ukishika glasi kwenye tumbo lake unakipasha moto kinywaji chako mwenyewe. Ukishika mguu, kinabaki baridi muda mrefu zaidi. Kwa joto la Lindi mwezi wa Januari, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo mwenye kata na mwenye glasi ya mguu walikuwa na wazo linalofanana, ingawa mmoja alikuwa na kifuu na mwingine kioo.

Wala tusidhani vyombo vizuri vya kunywea vimefika pwani yetu juzi. Kilwa Kisiwani, ng'ambo tu ya mlango wa bahari kutoka Masoko, ilikuwa mji wa vyombo. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika huko mwaka 1331 na kuusifu uzuri wa mji ule. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa lililoko juu ya mwamba wa bahari, lenye vyumba vingi na birika la maji lenye pembe nane. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa vitabu viwili vikubwa kuhusu kazi hiyo mwaka 1974. Ardhini zilipatikana shanga za kioo, vipande vya vyombo vya kioo, vigae vya mabakuli yenye rangi ya kung'aa kutoka nchi za Uajemi na Uarabuni, na vigae vya kauri ya China, mingine ya kijani kama jani changa la mgomba. Bakuli la China halikuja moja kwa moja. Lilipitia India na Ghuba, likasubiri kaskazi, kisha likaletwa kwenye jahazi pamoja na nguo na shanga, na jahazi likangoja kusi ili lirudi.

Wenyeji walivipenda vyombo hivyo kiasi cha kuvifanya sehemu ya jengo. Katika Msikiti Mdogo wa Kuba pale Kisiwani, wa karne ya 15, mabakuli ya kung'aa yalipachikwa juu kwenye dari. Makaburi ya kale ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yana nguzo zilizopachikwa mabakuli ya China. Na katika nyumba za mawe za Songo Mnara, kisiwa cha jirani, kuta za ndani zina vidaka, yaani vishimo vya mraba vya kuwekea vitu. Hata kwingine pwani, kama Lamu, vidaka vilijaa sahani na mabakuli ya kauri ili mgeni akiingia aone. Basi lile kabati la vyombo la sebuleni, lenye mlango wa kioo na ufunguo anaoutunza mama, lina ukoo wa zamani kuliko tunavyodhani.

Hapa niseme jambo moja ambalo hunisumbua kila nikisoma habari za magofu. Kauri haiozi, lakini kifuu na kibuyu huoza. Anayechimba Kilwa leo anaokota kigae cha China, ila haokoti kata. Ukitembelea Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam ukaona vigae vile vilivyopangwa vizuri, unaweza kufikiri bibi zetu wote walikunywa kwa bakuli la sultani. La hasha. Hata vyombo vya udongo vilivyochimbuliwa, vilivyo vingi ni vile vilivyofinyangwa hapa hapa pwani. Kauri ya China ilikuwa ya wachache na ya siku maalum, na maji ya kila siku yalinywewa kwa vitu ambavyo ardhi imekwisha kuvila.

Lugha yetu nayo imetunza kumbukumbu ya nani alikuja na chombo gani. Neno bilauri limetoka katika Kiarabu, na kule maana yake ni kioo safi kama jiwe angavu. Birika na finjani navyo ni vya Kiarabu. Kopo ni la Wareno, ambao husema copo kwa maana ya glasi ya kunywea, na wao ndio waliotuachia pia neno meza. Glasi ni la Waingereza. Kikombe na kata ni vya kwetu. Mama anayesema "lete bilauri kwenye meza" amewataja Waarabu na Wareno bila kujua.

Wareno hao walifika Kilwa kwa mabavu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuvamia mji na kuupora. Dhahabu ya ile kodi ilipelekwa Lisbon, na Mfalme Manuel wa Kwanza akaagiza itengenezewe chombo cha kanisa. Chombo hicho, kiitwacho Custódia de Belém, kilikamilika mwaka 1506 na kipo hadi leo katika makumbusho ya sanaa ya kale huko Lisbon. Ni monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki huwekea Hostia ili waumini waione. Kina kitako kipana, kina mguu wenye fundo la kushikia, na juu pana kioo cha mviringo, na mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka. Kila ninapokumbuka kwamba dhahabu ile ilipita bandari ya Kilwa, kwa kodi ya kulazimishwa, ninakitazama kwa hisia mbili.

Nimekitaja kwa sababu ya umbo lake. Kitako, mguu, fundo, kisha kinachobeba: hiyo ndiyo nasaba ya glasi zilizomo katika boksi la binti wa Kilwa Masoko. Kikombe cha Meza ya Bwana, ambacho wengine huita kalisi, kimekuwa na umbo hilo kwa karne nyingi, kwanza kwa fedha na dhahabu. Fundo katikati ya mguu liliwekwa ili padri asiteleze mkono. Mafundi wa kioo walipoanza kutengeneza vikombe vya mezani vya watu wakubwa, waliiga umbo la vikombe vya madini. Waliosifika zaidi ni wale wa Venice, Italia. Mwaka 1291 serikali ya mji huo iliamuru tanuri za kioo zihamie kisiwa cha Murano, kwa kuogopa moto, na karne ya 15 mafundi wa Murano walifaulu kupata kioo kisicho na rangi, cheupe kama maji. Wakatengeneza vikombe vyenye mguu mwembamba na bakuli pana bapa juu yake. Kwa hiyo ule uvumi unaorudiwa sana, kwamba glasi bapa ya shampeni ilipimwa kwa kifua cha Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa, aliyeuawa mwaka 1793, ni porojo. Mabakuli ya namna ile yalikuwapo kabla bibi yake hajazaliwa.

Waingereza waliongeza mawili. Mwaka 1674 George Ravenscroft alipata hati ya kutengeneza kioo chenye madini ya risasi, kizito, kinachometameta na kulia kama kengele ukikigonga. (Risasi hiyo tutairudia, maana inahusu afya ya watoto.) Kisha, katika miaka ya 1740, serikali yao ikaweka ushuru wa kioo kwa uzito. Mafundi wakafanya kama mfanyabiashara yeyote angefanya: wakapunguza kioo, glasi zikawa nyembamba, na nyingine mguu wake ukawa na uwazi ndani. Ushuru ule ulifutwa mwaka 1845. Basi wembamba mnaouona kuwa ni ulimbwende ulisukumwa na mtoza ushuru pia.

Mpaka hapo, akina mama, kokteli haijatajwa. Maelezo ya mwanzo yanayojulikana vizuri yalichapishwa katika gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, mwaka 1806: pombe kali, sukari, maji, na matone ya dawa chungu ya mitishamba. Walipozoea kuipoza kwa barafu na kuichuja, ikawa inamiminwa katika glasi yenye mguu, bila barafu ndani. Hapo wazieni kahawa ya barazani. Finjani ni ndogo kwa sababu kahawa ni chungu, ni kali, na inatakiwa inywewe ingali moto. Glasi za kwanza za kokteli nazo zilikuwa ndogo kwa sababu hiyo hiyo ikiwa kinyume: kinywaji kikali, kinachotakiwa kuisha kingali baridi. Yale madude makubwa yanayouzwa siku hizi, yanayobeba karibu chupa nzima ya soda, yamepoteza maana ya umbo lao. Kinywaji kinapata moto kabla hakijafika nusu.

Umbo la koni, lililosokotwa kama karatasi ya karanga za kukaanga, lilienea katika miaka ya 1920 na 1930, wakati Ulaya na Marekani walipopenda mistari iliyonyooka katika majengo, samani na vyombo. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, watu wakanywa majumbani kwa siri, kisha sinema zikaipa glasi ile sura ya utajiri. Sura hiyo ndiyo inayomtia hofu shangazi, na siwezi kusema hana sababu.

Koni ina hila moja ambayo mama wa nyumbani aijue. Kwa kuwa inapanuka kadiri inavyopanda, kinywaji kingi kiko juu. Glasi ya koni ikijazwa hadi ukingoni, kisha ikapunguzwa moja ya tano tu ya kimo chake, kilichobaki ni nusu. Wape watoto maji na kikombe cha kupimia wajaribu wenyewe, ni hesabu nzuri ya jioni. Na ukiandaa sharubati ya wageni 40 kwa glasi hizo, usikisie kwa macho. Utazidisha au utapungukiwa.

Maumbo mengine nitayapitia haraka. Glasi fupi yenye kitako kinene ilitengenezwa hivyo kwa sababu sukari ilipondwa humo humo chini. Ni kinu kidogo cha kioo, na ndiyo inayodumu zaidi mikononi mwa watoto. Glasi ndefu nyembamba ni ya vinywaji vyenye gesi na barafu nyingi: mdomo mdogo hauruhusu gesi itoke upesi. Glasi bapa ni kinyume chake, soda hupoa humo ukiwa bado unaongea na jirani. Iko pia moja yenye tumbo katikati na mdomo uliofunguka, iitwayo Hurricane, jina linalomaanisha kimbunga. Imeitwa hivyo kwa kuwa umbo lake limefuata kioo cha taa ya kandili, ile isiyozimwa na upepo, na ilipata sifa katika mji wa New Orleans miaka ya 1940. Mama aliyefuta masizi kwenye kioo cha taa kila jioni ataitambua mara moja.

Sasa binti. Maoni yangu ni kwamba shangazi na wale wengine, wote wamejibu swali ambalo si lao. Historia inaonyesha umbo hili lilipita kanisani na kwenye meza za wafalme kabla halijafika baa, kwa hiyo chombo chenyewe hakina hatia. Lakini mtu aliyeacha pombe kwa shida haishi katika historia. Kwake yeye sauti ya barafu kwenye kioo, au glasi ya umbo fulani chini ya taa, inaweza kuamsha kiu ambayo hakuiita. Mwingine haoni kitu kabisa. Anayejua ni yeye peke yake.

Kwa desturi zetu za pwani mama mkwe hawezi kumkalisha mkwewe na kumwuliza habari hizo, na wewe mama usijaribu. Ni binti amwulize mumewe, wakiwa wawili, kwa maneno mafupi: "Baba, hizi glasi zinakusumbua?" Akijibu ndiyo, au akinyamaza, au akicheka tu na kubadili mazungumzo, zitoke ndani ya nyumba siku hiyo hiyo bila mjadala. Aliyezitoa hana haja ya kuelezwa. Zinaweza kubadilishwa dukani kwa glasi fupi sita za kitako kinene, au akapewa dada asiye na shida hiyo. Wala zisifichwe juu ya kabati kwa ajili ya "wageni", maana wageni wakija zitashuka.

Akijibu hapana, na binti akamwona amesema kweli, basi zitumike, zisifungiwe. Bakuli bapa lenye mguu ni zuri sana kwa saladi ya matunda, kwa kastadi, kwa embe na papai lililokatwa vipande vidogo. Hata Ulaya zimetumika hivyo kwa vitamutamu vya barafu. Kwa vinywaji vya kwetu, ukwaju, mabungo, juisi ya mabibo msimu wa korosho, glasi ndefu inafaa zaidi, kwa sababu vinahitaji barafu na vinanywewa kwa kiu, si kwa kuonja. Dafu liache katika dafu lake.

Kuhusu risasi. Glasi nzito inayolia kama kengele na kung'aa rangi za upinde wa mvua, hasa ya zamani au iliyonunuliwa mitumba, huenda ni kioo cha risasi. Kunywea mara moja moja kwa mtu mzima si hatari kubwa, lakini usihifadhi humo kinywaji, hasa kichachu kama ukwaju, ndimu au siki. Uchachu huivuta risasi ikaingia katika kinywaji, na kadiri kinavyokaa ndivyo inavyozidi. Mama mjamzito na watoto wadogo wasizitumie kabisa, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Tahadhari hiyo iwe pia kwa glasi za bei rahisi zilizopakwa rangi au dhahabu ukingoni, pale mdomo unapogusa. Baadhi ya rangi hizo zina risasi.

Unaponunua, ipeleke glasi kwenye mwanga utafute vipovu na nyufa, pitisha kidole kwenye ukingo, kisha isimamishe juu ya kaunta uitikise kidogo. Ya mguu ikiyumba dukani, mezani itaanguka. Katika kuosha usishike kitako kwa mkono mmoja na bakuli kwa mwingine ukazungusha. Hapo ndipo miguu mingi huvunjika. Shika bakuli lenyewe, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Ukungu mweupe unaoachwa na maji ya chumvi ya visima vya pwani hutoka kwa maji ya ndimu au siki nyeupe. Loweka kwa robo saa, suuza, futa kwa kitambaa cha pamba kisicho na manyoya.

Na kama glasi mbili za kawaida zimeng'ang'aniana moja ndani ya nyingine, usizivute. Mimina maji baridi katika ile ya ndani, isimamishe ile ya nje katika maji ya uvuguvugu, subiri dakika moja au mbili. Ya ndani itanywea kidogo, ya nje itatanuka, na zitaachana zenyewe.